Kabla Hujanunua Mark X, Crown au BMW ya Mkononi Mwanza: Uimara wa Gari Unapimwaje?

Kwa bei ya IST iliyotunzwa vizuri, leo Mwanza unaweza kuondoka na Mark X. Ukikutana na mwenye shida ya haraka, hata Crown Athlete au BMW ya 3 Series iliyopigwa polishi ikang'aa. Kijana aliyejinyima miaka kadhaa, au dada aliyechukua mkopo wa SACCOS, analiona hilo na kuuliza swali la haki kabisa: kama gari la silinda sita, viti vya ngozi na nguvu karibu mara mbili linauzwa sawa na IST, kwa nini nichukue IST?

Jibu la vijiweni ni mafuta. Ni kweli, lakini mafuta ndiyo gharama iliyo wazi kuliko zote. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, unajua unaendesha kilomita ngapi kwa wiki, unapiga hesabu na kuamua. Kinachoishusha bei ya sedani hizi zaidi ni kile ambacho hakijatangazwa popote: gari la miaka 12 au 15 lenye injini kubwa limekaribia matengenezo yake makubwa, na anayeuza mara nyingi analijua hilo kuliko anayenunua. Ukitembea gereji za Nyakato utayaona yamejaa vumbi, boneti zimefunguliwa, injini nusu iko chini kwenye maboksi, mwenyewe anasubiri mshahara wa mwezi ujao. Hayo yote yalinunuliwa na mtu aliyefurahi.

Makala haya hayakukatazi kununua sedani yenye nguvu. Ni magari mazuri, na safari ya Mwanza hadi Dodoma ndani ya Crown haifanani kabisa na safari hiyo ndani ya Vitz. Ninachotaka tukubaliane ni kwamba uimara si sifa ya jina lililobandikwa kwenye boneti. Unategemea injini iliyomo ndani ni ipi hasa, imeishije huko ilikotoka na hapa, na je, katika mji unaoishi yupo mtu wa kuitengeneza na spea za kuitengenezea. Hilo la mwisho ndilo watu huliuliza baada ya kulipa, wakati lilipaswa kuulizwa kwanza.

Orodha za "magari imara" zinapima nini?

Ukitafuta mtandaoni utakuta orodha nyingi za magari ya kuaminika, na nyingi zimetoka Marekani na Ulaya. Kabla hujaziamini, angalia zinapima nini. Utafiti wa J.D. Power kuhusu uimara, unaonukuliwa sana, kwa kawaida huwauliza wamiliki wa magari yenye umri wa miaka mitatu. Gari la miaka mitatu Marekani bado lina harufu ya kiwanda na mengi yamo ndani ya waranti. Matokeo hayo hayakwambii chochote kuhusu pistoni ringi za gari lilelile likifika miaka 15. Ripoti ya TÜV ya Ujerumani inakwenda mbali zaidi kwa umri, lakini inatokana na ukaguzi wa lazima: taa, breki, kutu, bushi, kuvuja kwa oili. Gari linaweza kufaulu ukaguzi huo asubuhi na cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, ikaruka jioni.

Kuna na kipimo chetu cha mtaani: "Angalia zilivyo nyingi barabarani, kwa hiyo ni imara." Zilizo barabarani ni zile zilizopona. Zilizokufa hazipiti Nyerere Road, ziko nyuma ya nyumba za watu zimefunikwa turubai. Wingi wa Mark X mjini unathibitisha kwamba ziliingizwa nyingi, na unaleta faida moja ya kweli ambayo ni spea na mafundi. Lakini wingi peke yake hauthibitishi kwamba ile moja unayooneshwa ni nzima.

Soma namba ya injini, usisome jina la gari

Tuichukue Mark X kwa undani, maana ndiyo inayonunuliwa zaidi na ndiyo inayofundisha vizuri.

Mark X ya kwanza ilitoka Novemba 2004 kurithi Mark II. Ya pili ilianza Oktoba 2009 na Toyota iliacha kuitengeneza Desemba 2019. Kwenye kadi ya gari chasisi ya toleo la kwanza la lita 2.5 inaanza na GRX120, la pili GRX130. Yote mawili yana injini ya V6 iitwayo 4GR-FSE. Herufi ya kuitazama hapo ni S: inasema petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, siyo kwenye njia ya hewa nyuma ya valvu kama injini nyingi za zamani.

Faida yake ni nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Hasara yake huchukua miaka kujitokeza. Kwenye injini ya kawaida petroli hupita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha kila mara. Hapa haipiti. Mvuke wa oili unaorudishwa kuchomwa na injini unatua juu ya valvu hizo, unakauka, unajenga tabaka jeusi la kaboni. Baada ya kilomita nyingi hewa inaingia kwa shida. Asubuhi gari linatetemeka, likipata moto linatulia, na muuzaji anakwambia, "Kaka, hizo ni plagi tu, hata elfu hamsini haifiki." Dawa halisi ni kuvua manifoldi na kusafisha valvu moja baada ya nyingine, kazi ya siku nzima au zaidi kwa fundi mwenye subira. Vile vimiminika vya kumwaga kwenye tangi la mafuta haviwezi kufika kwenye valvu hizo, kwa sababu ileile kwamba petroli yenyewe haifiki.

Injini hiyohiyo imo kwenye Lexus IS 250, na Marekani malalamiko ya kaboni yalikuwa mengi kiasi cha kampuni kuandaa utaratibu maalumu wa kuwahudumia wamiliki, ikiwemo kubadilisha pistoni na ringi. Ringi ndizo sehemu ya pili ya hadithi. Zikishika uchafu zinaacha kufuta oili kwenye kuta za silinda, gari linaanza kula oili, na oili inayoungua inaongeza kaboni. Tatizo moja linalilisha jingine.

Sasa angalia ndugu yake mkubwa, Mark X ya lita 3.5 ya toleo la pili, chasisi GRX133, yenye injini ya 2GR-FSE inayotoa nguvu za farasi 318. Toyota iliipa nozeli za aina mbili, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zinaoshwa. Injini hiyo imo pia kwenye Crown Athlete za 3.5, yaani GRS184 na GRS204. Kwa hiyo katika jambo la kaboni, injini kubwa na yenye nguvu zaidi ndiyo salama zaidi. Watu wengi hudhani kinyume. Bili yake ya mafuta ni nyingine, na ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japan. Hapo napo kuna jambo la kujua: lita 2.5 ya toleo la kwanza, yenye nguvu 215, ilitaka petroli hiyo ya daraja la juu, wakati ya toleo la pili ilirekebishwa itumie petroli ya kawaida na nguvu ikashuka hadi 203. Kwa mtu wa huku, kupoteza nguvu hizo 12 ni biashara nzuri, ndiyo maana kati ya 2.5 mbili napendelea GRX130.

Umeona ilivyo? Jina moja la gari, injini tofauti, na hatari tofauti kabisa. Fanya hivyohivyo kwa kila gari unalolitamani.

Subaru Legacy B4 na Impreza zenye turbo za miaka ya nyuma zina injini ya EJ20, silinda zimelala kushoto na kulia. Inatumia mkanda wa taimingi, siyo cheni, na muda wake Japan ni kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unanunua injini. Usipopewa risiti ya mkanda mkononi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Turbo nayo inaishi kwa oili safi. Mwenye tabia ya kuvusha muda wa kubadilisha oili anaiua taratibu bila kusikia chochote. Na kwa sababu silinda zimelala, kazi ya gasket ya hedi, kile kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, mara nyingi inataka injini itolewe nje. Mwanza wapo mafundi wanaoijua Subaru, lakini ni wa kuhesabika, na unapaswa kuwa na namba ya mmoja wao kabla ya kuwa na gari.

BMW E90, ya 2005 hadi 2012, ndiyo inayowaponza wengi kwa uzuri wake. Lita 2.0 ya silinda nne, injini ya N46 kwenye 320i, inasifika vibaya kwa sili za valvu kuchakaa na kutoa moshi. 335i ya mwanzo yenye turbo mbili, N54, inajulikana duniani kote kwa pampu yake ya mafuta ya shinikizo kubwa. Ile ya silinda sita isiyo na turbo, N52, kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote kwenye bodi hiyo, lakini ina mambo yake: waterpampu yake inaendeshwa kwa umeme na hufa bila kuaga, na bloku yake ni mchanganyiko wa magnesi na aluminiamu iliyofungwa kwa bolti za aluminiamu ambazo hutumika mara moja tu. Zikifunguliwa zinatupwa, zinawekwa mpya. Fundi asiyejua hilo atazirudisha zilezile, au atafunga za chuma, na uharibifu utaanza siku hiyo. Muulize fundi wako swali hilo moja la bolti. Jibu lake litakuonesha kama anaijua injini hiyo.

Mercedes C-Class W204 yenye injini ya M271 sikiliza cheni ya taimingi asubuhi. Nissan Skyline za 3.5 na 3.7 za bodi ya V36 zina gasket za njia ya oili nyuma ya kava la mbele zinazopasuka na kushusha presha ya oili. Mark II na Chaser zenye turbo ya 1JZ ni chuma cha kweli, ila zilizobaki nyingi zimeshachokonolewa: turbo kubwa, eksozi wazi, kompyuta imeguswa. Gari lililoongezwa nguvu na mtu usiyemjua liache, hata kama bei inakuita.

Lilivyoishi kabla halijakufikia

Gari likitoka Japan kwenye mnada lina karatasi ya mnada. Iombe, na uisome mwenyewe. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida lililotumika, R au RA ni lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lenye S nyingi huenda limeishi kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ziwa letu ni maji baridi, halili chuma kwa kasi hiyo, lakini kutu iliyoanza huko inaendelea huku.

Cheti cha kuuza gari nje ya Japan nacho huandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Linganisha na dashibodi. Cheti kikisema 118,000 na dashibodi ikasema 64,000, huna haja ya kuuliza maswali mengine. Kama karatasi hazipo, angalia pedali ya breki, ngozi ya stelingi na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Mpira wa pedali haulainiki hadi kung'aa kwa kilomita 60,000.

Hapa kwetu watu husoma umri wa gari kwenye pleti. "Hii ni namba E" hutamkwa kana kwamba ni cheti cha afya. Namba inakwambia lini gari limesajiliwa Tanzania. Mwaka lilipotengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Namba D na namba E yanaweza kuwa yametoka kiwandani mwezi mmoja. Mimi ningechagua namba D ya mtu mmoja, mwenye risiti za oili na fundi ninayeweza kumfuata na kuongea naye, kuliko namba E iliyopita mikononi mwa madalali watatu ndani ya mwaka.

Na kuna kitu kimoja kinachofanyika gereji nyingi ambacho kinaumiza magari haya kuliko mashimo ya barabarani: kutolewa themostati. Gari linachemsha, fundi anaitoa, linaacha kuchemsha, wote wanafurahi. Lakini themostati ipo ili injini ifike joto lake na ibaki hapo. Bila hiyo, kompyuta inadhani injini ni ya baridi na inaongeza petroli, petroli inachanganyika na oili, ringi na silinda zinalika. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati pia huziba njia ya mchepuko inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na siku ya kupanda mlima na mzigo gari linachemsha tena, safari hii kwa nguvu.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Maji matupu kwenye sufuria huchemka hapa kwenye nyuzi joto takriban 96, siyo 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni kulanti, yaani kimiminika maalumu cha rejeta, pamoja na presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka na maji ya bomba ni mwanzo wa gasket ya hedi kuungua. Kwa hiyo, gari likiwa limepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta utazame. Toyota ya miaka hii ilitoka kiwandani na kulanti ya pinki. Ukikuta maji ya rangi ya udongo, historia ya gari hilo umeshaisoma.

Lipeleke mlimani

Wenzetu wa miji tambarare hawana bahati tuliyonayo. Milima ya Mwanza ni kipimo cha injini ambacho hakuna mashine inayokizidi.

Nenda asubuhi, na mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, limeshawashwa ili kuficha kelele na mtetemo wa asubuhi. Panga siku nyingine. Ikiwa ya baridi, vuta kijiti cha oili, futa, rudisha, vuta tena. Oili iliyo chini ya alama kwenye gari linalouzwa inamaanisha muuzaji ama hajali ama gari linaila. Fungua mfuniko wa oili: utando wa rangi ya maziwa ni dalili ya maji, magome meusi ni dalili ya oili iliyocheleweshwa. Ndipo uwashe, na sekunde tatu za kwanza usiongee na mtu yeyote. Mlio mkavu wa kugongagonga unaopotea baada ya hizo sekunde ni cheni au gia za taimingi.

Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Taa ya check engine kuzimika si ushahidi, kwani kodi za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zinafutika kwa dakika moja. Mwambie fundi asiishie kusoma kodi, aangalie na vipimo hai: silinda ipi inakosa moto, joto la maji linafika ngapi, na kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kiasi gani.

Kisha panda. Barabara ya Bugando au ya Isamilo inatosha. Washa AC, kaa na gia ya chini, panda bila haraka huku ukitazama geji ya joto. Rafiki yako awe nyuma na gari jingine au bodaboda, kazi yake iwe kutazama bomba la eksozi. Moshi wa bluu unaotoka wakati injini inabeba mzigo wa kupanda unaelekeza kwenye ringi. Ukifika juu, geuza, shuka na gia ya chini bila kukanyaga mafuta kabisa. Hapo injini inanyonya kwa nguvu na njia ya hewa imefungwa, kwa hiyo kama sili za valvu zimechoka, oili inavutwa kupita kwenye shina la valvu na kujikusanya. Ukifika chini, kanyaga. Wingu la bluu likitoka mara moja kisha likapotea, ni sili za valvu. Tofauti hiyo ina thamani kubwa ya pesa: sili ni kazi ya hedi, ringi ni kushusha injini nzima.

Baada ya mlima, toka nje ya mji. Njia ya Buhongwa hadi Usagara, kisha Kigongo na kuvuka daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, inakupa mwendo mrefu wa kutosha kusikia giaboksi. Sikiliza inavyobadilisha: isisite, isipige teke, isitetemeke ukiwa kwenye mwendo wa kati. Ukirudi mjini zima gari dakika kumi, liwashe tena likiwa la moto, kisha piga magoti utazame chini. Mark X ina miguu yenye mikono mingi na bushi nyingi mbele na nyuma, na mitaa ya mawe ya Mabatini na Kilimahewa haina huruma nazo. Tazama sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, kama imegongwa na kuchomelewa.

Ukimaliza yote hayo, ingekuwa vyema fundi apime kompresheni ya silinda zote. Muuzaji akikataa kwa gari la silinda sita linalotaka mamilioni yako, shukuru kwa heshima na uondoke.

Spea ziko wapi?

Kabla ya kulipa, chukua simu na upigie maduka matatu ya spea hapa Mwanza. Uliza vitu vitano vya gari hilo kwa namba ya chasisi: waterpampu, koili moja, sensa ya ABS, lower arm na pampu ya mafuta. Uliza bei, uliza kama ipo dukani leo au inaagizwa. Kwa Mark X na Crown majibu mengi yatakuwa "ipo" au "kesho kwa basi kutoka Dar". Kwa BMW na Mercedes jiandae kusikia Kariakoo, Dubai, na wiki mbili. Gari lililosimama wiki mbili likisubiri pampu linakugharimu nauli, kazi, na mara nyingi uvumilivu unaoishia kwenye kufunga kitu kisicho chake.

Upatikanaji wa injini ya mtumba nao uingie kwenye hesabu. Kwa magari yanayoingizwa kwa wingi, injini ikifa unapata nyingine. Lakini injini ya mtumba ya 4GR ina umri uleule na valvu zenye kaboni ileile, kwa hiyo usafishaji ufanyike ikiwa bado iko sakafuni, siyo baada ya kufungwa.

Kuagiza mwenyewe kutoka Japan ni njia nzuri kwa mwenye subira, ila kumbuka injini inayozidi cc 2,000 hubeba ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi, na gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata shilingi.

Kuhusu pesa, naomba nisisitize kwa nguvu zote. Mwenye milioni 20 asinunue sedani ya milioni 20. Anunue ya 15 au 16 iliyo nzima na abaki na iliyobaki benki kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kama bajeti haiachi akiba hiyo, gari hilo bado si lako, na IST haina aibu yoyote.

Ukiniuliza chaguo langu kwa mtu anayeishi Mwanza: GRX130 ya 2.5 yenye ushahidi wa oili, au Crown Athlete ya 3.5 kwa mwenye uwezo wa mafuta. N52 ya BMW kwa yule tu ambaye fundi wake alijibu swali la bolti bila kufikiri. Turbo ningeiachia mtu mwenye gari la pili la kumpeleka kazini.

Ukishanunua, wiki ya kwanza badilisha oili na filta, kulanti, mfuniko wa rejeta, na urudishe themostati kama ilitolewa. Hydroliki ya giaboksi usiambiwe ni ya maisha yote. ZF wenyewe, watengenezaji wa giaboksi nyingi za BMW, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kisha kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama sehemu tambarare, pima oili na uandike kilomita. Toyota Marekani, kwa injini nyingine iliyosumbua kwa kula oili, 2AZ-FE, iliweka mpaka wa takriban lita moja kwa kilomita 1,900. Gari lako likila chini ya hapo, ongeza oili na uendelee kuandika. Likivuka, peleka kwa fundi mapema, kabla oili inayoungua haijaharibu na katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi.